Gari limeng'ang'ania gia moja: ni kompyuta ya giaboksi, au ni waya?

SUV ya otomatiki ikianza kukataa kubadilisha gia, siku hizi hukumu hutoka haraka: "Kompyuta imekufa." Mwenye gari anatumiwa bei kutoka Nairobi, anahangaika kutafuta pesa, kompyuta inafungwa, na wiki haijaisha gari limerudi na ugonjwa ule ule. Hapa Kisumu magari ya namna hiyo hayaishi kuja, na mara nyingi kompyuta iliyotolewa huwa nzima kabisa. Kilichokufa ni fyuzi, au waya wa athi (ule unaorudisha umeme kwenye bodi na betri), au soketi iliyoingia maji, au sensa, au ni mafuta ya gia yaliyochoka. Kompyuta za gia huharibika kweli, sikatai. Lakini iwe mshukiwa wa mwisho. Anza na dalili uliyo nayo, uone inakupeleka wapi.

Inafanya nini, na imefichwa wapi

Kompyuta ya gia, ile ambayo mashine ya kupima huiandika TCM, inasikiliza sensa zinazosoma kasi ya shafti inayoingia kwenye giaboksi na ile inayotoka, joto la mafuta, mkono wa gia uko wapi, na umekanyaga mafuta kiasi gani. Kutokana na hayo inaziwasha na kuzizima solenoidi, zile vali ndogo za umeme zinazopeleka mafuta kwenye klachi za ndani. Yenyewe haina gia wala klachi. Ikiletewa habari za uongo na sensa, itatoa amri za uongo, na wewe utalaumu giaboksi.

Kabla hujatafuta spana, hakikisha unajua iko wapi kwenye gari lako, maana hapo ndipo bei na ugumu wa kazi huamuliwa. Magari mengine wameiweka chini ya dashibodi au nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria. Mengine iko ndani ya boneti, karibu na betri. Toyota nyingi hazina TCM ya peke yake: kompyuta moja inaendesha injini na gia. Halafu kuna magari kama Land Rover Discovery 3 na BMW X5 zenye giaboksi ya ZF ya gia sita, ambazo kompyuta yake imo ndani ya giaboksi, imelowa mafuta, imeshikana na bodi ya vali. Hiyo si kazi ya kufanyia kando ya barabara. Kuitoa ni lazima umwage mafuta na ushushe sampu, lile sinia la mafuta chini ya giaboksi.

Soma kodi, usifute

Chomeka mashine, soma kodi za hitilafu, yaani namba ambazo kompyuta huhifadhi ikiona kasoro, piga picha kwa simu. Usifute chochote. Kodi nyingi huhifadhiwa pamoja na hali ya gari wakati hitilafu ilipotokea: kasi, joto, mzunguko wa injini. Ukifuta umetupa ushahidi wote, na itabidi usubiri gari likosee tena.

Vile vimashine vidogo vya bluetooth vinavyounganishwa na simu vingi vinasoma kompyuta ya injini tu. Vitakuonyesha P0700 kisha vinyamaze. P0700 si ugonjwa. Ni kompyuta ya injini ikikuarifu kwamba mwenzake wa giaboksi ana malalamiko, na malalamiko yenyewe yamo ndani ya TCM. Tafuta fundi mwenye mashine inayoingia huko. Ukiona mtu anauza kompyuta kwa kusoma P0700 peke yake, chukua ufunguo wako uondoke.

Ndani ya TCM utakuta kodi zinazosema zaidi. P0705 ni swichi inayosoma mkono wa gia. P0715 ni sensa ya shafti inayoingia, P0720 ya inayotoka. P0730 inasema uwiano wa gia haulingani na ulioamriwa, yaani kitu kinateleza. P0740 ni klachi ya konveta, ile inayounganisha injini na giaboksi. P0750 na P0755 ni solenoidi mbili za kwanza za kubadilisha gia. Zote hizi, kwa kawaida, zinakupeleka nje ya kompyuta. Zinazoinyooshea kidole kompyuta yenyewe ni P0601, P0605 na P0613, na hata hizo huweza kuzuka kwa sababu ya umeme mbovu. Halafu kuna U0101: kompyuta zingine zinasema haziisikii TCM. Kutosikika si kufa, na tofauti hiyo ndiyo inayookoa pesa za watu.

Gari limebaki kwenye gia moja

Unatoka Mamboleo kupanda Kiboswa, mara taa ya injini inawaka, gari linaondoka kwa uzito, injini inalia, na hata ukifika tambarare haibadilishi. Hiyo ni hali ya kujikinga. Kompyuta imeona jambo isiloliamini, ikakata umeme wa solenoidi, na giaboksi imebaki kwenye gia ambayo mafuta yenyewe yanaweza kuishika bila umeme. Kwenye giaboksi nyingi ni gia ya tatu, au jirani yake. Rivasi huwa inabaki.

Shida ni kwamba hali hiyo hiyo hutokea pia TCM ikikosa umeme kabisa, kwa sababu solenoidi zikikosa wa kuziamrisha giaboksi hurudi pale pale. Kwa hiyo swali la kwanza ni moja tu: TCM inaongea na mashine, au imenyamaza? Kama imenyamaza, ruka mpaka sehemu ya "Mashine haiipati TCM kabisa" huko chini. Kama inaongea, basi iko hai na imekuambia inachokiogopa, fuata kodi yake.

Anza na betri hata kama gari linawaka vizuri. Betri iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Injini ikiwa inanguruma, altaneta ilete kati ya 13.5 na 14.7. Betri dhaifu ikishuka sana wakati wa kupiga stata, kompyuta huamka vibaya na kujaza kodi za uongo, kisha gari linakaa kwenye gia moja mpaka ulizime na kuliwasha tena. Nimeona watu wakiuziwa giaboksi nzima kwa ugonjwa wa betri.

Kama ni kodi ya sensa ya kasi, usikimbilie kununua. Weka mashine kwenye taarifa za moja kwa moja, mtu mmoja aendeshe na mwingine atazame. Gari linakwenda taratibu, kasi ya shafti inayotoka inaonekana vizuri, halafu ghafla inaanguka sifuri huku magurudumu yanazunguka: hiyo ni sensa, au waya wake umekatika ndani na unashikana na kuachana. Toa sensa uangalie ncha yake, maana nyingi zina sumaku na hukusanya unga wa chuma. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvihisi kwa kucha si vya kawaida, na hapo shida yako si ya umeme tena.

Solenoidi nazo hupimwa kwa multimita kutoka kwenye soketi kubwa ya giaboksi bila kufungua sampu. Kwenye Toyota nyingi, solenoidi za kuwasha na kuzima husoma omu 11 hadi 15 zikiwa baridi, na ile ya kudhibiti presha husoma omu 5 na kidogo. Ikikosa kusoma kabisa, imekatika ndani au waya wake umekatika. Ikisoma karibu na sifuri, imeungua, na hapo hadhari: solenoidi iliyopiga shoti inaweza kuunguza kompyuta mpya siku ile ile unayoifunga.

Gia zinaingia kwa kishindo

Mafuta kwanza. Mengi ya magari yetu yanafika Mombasa na giaboksi yake ikiwa na mafuta yale yale ya kiwandani, kisha mtu anaongeza "ATF", mafuta ya giaboksi ya otomatiki, yoyote iliyopo rafuni. Giaboksi ya CVT, ile yenye mkanda au mnyororo badala ya gia, kama ya X-Trail na Forester za miaka ya karibuni, haitumii ATF ya kawaida. Ina mafuta yake, na kuweka mengine ni kuiua polepole. Kama kuna dipstiki, pima mafuta yakiwa moto na kwa utaratibu wa gari hilo, maana Toyota unapima injini ikinguruma na Honda unapima ukiwa umezima. Mafuta mazuri ya ATF ni mekundu na mepesi. Yakiwa kahawia na yananuka kuungua, kompyuta haihusiki.

Pili, tikisa mauntini, ile mipira inayoshikilia injini na giaboksi. Mauntini iliyokatika hutoa kishindo ambacho dereva yeyote atakwambia ni gia. Tatu, throto (mlango wa hewa ya injini) ikiwa chafu inaipa kompyuta hesabu isiyo sahihi ya nguvu ya injini.

Kuna gari moja ambalo kishindo chake kweli kilikuwa cha kompyuta na linajulikana: RAV4 za 2001 hadi 2003. Kompyuta yake ya injini, ambayo ndiyo inayoendesha gia, ilikuwa na udhaifu ndani, solenoidi zikawa zinaamriwa vibaya, na waliobadilisha giaboksi bila kugusa kompyuta waliua giaboksi ya pili. Ukiwa na RAV4 ya kizazi hicho na inapiga kishindo na kuleta P0750 au P0755 huku solenoidi zinapima vizuri, usiogope kuishuku kompyuta mapema. Kwa magari mengine, fuata foleni.

Injini inanguruma, gari haliendi

Mafuta yamepungua, au klachi za ndani zimeisha, au kwa CVT mkanda unateleza. Ni mara chache sana iwe kompyuta. Pima mafuta, soma kama kuna P0730, na usiendelee kuliendesha.

Mkono wa gia hautoki P, au stata haipigi kwenye P

Ukikanyaga breki na mkono hautoki, mtu asimame nyuma aangalie taa za breki. Kama haziwaki, ni fyuzi yake au swichi ya pedali ya breki. Imekwisha hiyo. Stata isipopiga kwenye P lakini ikapiga kwenye nyutro, au herufi ya gia kwenye dashibodi ikawa inapotea, ni swichi iliyo ubavuni mwa giaboksi. Hiyo huingia maji kirahisi, hasa kwa wale wanaoosha injini kwa mpira wa presha huko ufukweni. Mwambie muoshaji aache injini. Vumbi halijawahi kuzuia gari kubadilisha gia.

Asubuhi gari liko sawa, mchana bovu. Au bovu baada ya mvua

Hapa ndipo kompyuta inapoanza kuwa mshukiwa wa haki, na ndipo panapohitaji subira.

Ya joto kwanza. Gari linaendeshwa vizuri asubuhi, linaegeshwa juani mjini, na saa nane mchana halitaki kutoka gia ya tatu. Ndani ya kompyuta kuna viungo vya lehemu ambavyo, baada ya miaka ya kupanuka na kusinyaa, hupasuka nyufa ambazo jicho halizioni bila lenzi. Zikiwa baridi zinashikana, zikipata joto zinaachana. Kumbuka kwamba sheria ya Kenya inaruhusu kuingiza gari la mtumba hadi miaka minane, kwa hiyo mengi hufika na lehemu iliyokwisha fanya kazi muda mrefu kabla hujalipa hata bima ya kwanza. Kuipima, acha gari kivulini lipoe, liwashe, mashine ikiwa imechomekwa, kisha ipashe kompyuta moto polepole kwa mashine ya kukaushia nywele ya saluni. Polepole, mpaka iwe moto ambao mkono unauvumilia, si zaidi. Kama mawasiliano yanakatika au kodi inazuka wakati giaboksi yenyewe bado baridi, umeipata. Kama haibadiliki, basi joto linaloleta shida ni la giaboksi: solenoidi, nyaya za ndani, au sensa.

Ya maji inahitaji upige magoti. Inua kapeti ya mbele upande wa abiria na wa dereva, bonyeza sponji iliyo chini yake. Ikitoa maji, umeanza kupata jibu. Mara nyingi chanzo ni majani yaliyoziba matundu ya kutolea maji chini ya waipa, na mvua za jioni za huku hazihitaji nusu saa kujaza hapo. Magari yaliyopita kwenye maji Mto Nyando ulipofurika pande za Ahero ni habari nyingine: hayo kagua kila soketi iliyo chini ya usawa wa kiti, hata kama mwenyewe anaapa maji hayakuingia ndani.

Ondoa soketi ya TCM ukiwa umekata betri. Usiangalie tu kama iko kavu. Angalia rangi ya pini kwa tochi. Pini nzima ni ya rangi ya fedha au dhahabu, inang'aa. Iliyoingia maji ina ukungu wa kijani kibichi au unga mweupe kwenye shina, na mara nyingi pini moja au mbili za mwisho ndizo zimeoza, kwa sababu maji hutulia upande wa chini. Safisha kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia soketi za umeme na brashi laini. Usitumie petroli, na usikwaruze kwa msasa, maana ukiondoa ule utando wa juu pini itaoza upya ndani ya muda mfupi. Kisha vuta waya mmoja mmoja kwa vidole. Ukitoka mkononi, ulikuwa umeshakatika ndani ya plastiki.

Na kama badala ya maji unakuta mafuta mekundu kwenye pini? Hilo lipo. Giaboksi ya 722.6 ya Mercedes, iliyofungwa kwenye ML za kizazi cha kwanza, ina kikombe cha plastiki mahali soketi inapoingia kwenye giaboksi. Mpira wake ukichoka, mafuta yanaingia kwenye soketi na kupanda ndani ya nyaya, taratibu, mpaka kwenye kompyuta iliyoko mbali na juu. Ukibadilisha kompyuta bila kubadilisha kikombe hicho na kusafisha nyaya, umenunua kompyuta ya kuloweka.

Mashine haiipati TCM kabisa

Sehemu hii ndiyo wengi huiruka. Mashine haiipati, wanasema imekufa. Lakini kompyuta inahitaji vitu vitatu ili isikike: umeme unaoingia, athi, na njia ya mawasiliano. Vipime vyote vitatu.

Mwalimu mmoja wa Maseno aliniletea gari lake likivutwa. Kwingine alikuwa ameshapewa bei ya kompyuta.

"Fundi, nikiitafuta hiyo pesa, una hakika gari litatembea?"

"Mwalimu, bado sijaona hata fyuzi. Tuanzie hapo."

Fyuzi ilikuwa nzima. Multimita kwenye pini za umeme na athi za TCM ilisoma volti 12.4, na hapo ndipo wengi wangesema umeme upo, basi ni kompyuta. Multimita haivuti umeme wa maana, kwa hiyo hata uzi mmoja wa shaba uliobaki kwenye waya uliooza utaonyesha volti zote. Nilichukua balbu ya breki ya wati 21, nikaiunga kati ya pini ile ya umeme na ile ya athi. Ikatoa mwanga hafifu, uzi mwekundu tu. Nikahamisha upande wa athi wa balbu hadi kwenye ncha hasi ya betri: ikawaka kwa nguvu. Kwa hiyo umeme ulikuwa mzuri na athi ndiyo mbovu. Tuliufuata ule waya hadi kwenye bolti chini ya sinia ya betri. Kwa juu ilionekana safi. Ilipofunguliwa, chini ya pete kulikuwa na unga wa kijani na mweupe wa asidi ya betri, na waya ndani ya plastiki yake ulikuwa umebaki nyuzi chache. Tulikata hadi kwenye shaba safi, tukafunga pete mpya, tukakwangua rangi ya bodi chini yake, tukapaka grisi juu. Mashine iliipata TCM pale pale.

Unaweza kupima athi bila balbu pia. Soketi ikiwa imechomekwa, ingiza pini nyembamba kutoka nyuma yake kandokando ya waya wa athi, weka ncha nyekundu ya multimita hapo na nyeusi kwenye ncha hasi ya betri, washa injini na taa kubwa. Ikizidi volti 0.1 au 0.2, athi ina kasoro. Ikikaribia nusu volti, usitafute ugonjwa mwingine kwanza.

Njia ya mawasiliano ni nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Kwenye soketi ya kupimia iliyo chini ya usukani ni pini ya 6 na ya 14. Kata betri, subiri kompyuta zilale, pima omu kati ya pini hizo mbili. Ikisoma karibu na 60, nyaya ziko sawa, kwa sababu kila ncha ya mtandao ina kizuizi cha omu 120 na viwili vikiunganishwa hivyo hutoa 60. Ikisoma 120, upande mmoja umekatika. Ikisoma karibu na sifuri, nyaya zimegusana au kompyuta fulani imepiga shoti ndani. Hapo chomoa kompyuta moja baada ya nyingine mpaka namba irudi. Magari ambayo soketi hiyo imekaa nyuma ya kompyuta ya lango (ile inayopitisha mawasiliano kwenda kwa nyingine), na yale ya zamani yanayotumia waya mmoja wa pini ya 7, hayatakupa 60, kwa hiyo angalia mchoro wa gari lako kabla ya kuhukumu.

Muulize pia mwenye gari kama kuna aliyechomelea bodi bila kukata betri, au kama liliwahi kuwashwa kwa betri ya lori. Lori lina volti 24. Jibu likiwa ndiyo, kompyuta inapanda juu kwenye orodha.

Sasa unaweza kuihukumu

Umeme na athi vimepita kwa balbu. Mtandao uko sawa. Soketi safi, nyaya kati ya TCM na giaboksi zimepimwa mwisho hadi mwisho, solenoidi zinasoma vizuri. Na bado haisikiki, au P0605 inarudi kila ukifuta, au inakatika kila ikipashwa moto. Basi ni yenyewe.

Kabla ya kununua, uliza kama inaweza kufunguliwa na kuunganishwa upya lehemu. Kwa ugonjwa wa joto, fundi mzuri wa elektroniki huirudisha, na faida yake ni kubwa kuliko bei: data ya gari lako inabaki ndani. Kompyuta iliyoliwa na maji hadi njia za shaba zikakatika, sipendekezi. Itarudi tena.

Ukinunua ya mtumba kutoka Japani, iwe ni Kirinyaga Road au kwa muuzaji wa hapa, namba kwenye kibandiko ilingane yote, pamoja na herufi za mwisho. "Ni ya gari kama lako" haitoshi. Kompyuta ya gari linalosukumwa na magurudumu mawili haitaendesha vizuri linalosukumwa na yote manne, na injini tofauti ina hesabu tofauti. Kama kompyuta ya gia na ya injini ni moja, uliza kuhusu ufunguo: nyingi zina siri ya ufunguo ndani, na bila kuilinganisha gari halitawaka kabisa. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani lina namba fupi ya chasi, si ile ya tarakimu na herufi 17, na mifumo mingine ya kuprogramu kwa intaneti huikataa. Uliza fundi wa programu kabla hujalipa, si baada.

CVT za Nissan zina jambo lao. Kila giaboksi ina vipimo vyake vya presha, na kompyuta lazima iwe na vipimo vya giaboksi ile inayoiendesha. Kwenye nyingi vimehifadhiwa kwenye kumbukumbu ndogo ndani ya giaboksi yenyewe. TCM ya mtumba inakuja na vya giaboksi nyingine, iliyobaki Japani. Visipofutwa na vya kwako kusomwa upya, gari litatembea, lakini kwa presha isiyo yake, na mkanda ndio utakaolipia.

Kuifunga

Gari kwenye P, breki ya mkono, zima, toa ufunguo, subiri dakika chache, kata ncha hasi. Gusa chuma cha bodi kabla ya kugusa kompyuta mpya, ili umeme tuli wa nguo zako usiingie ndani yake. Soketi nyingi zina wenzo wa kufungia, usivute nyaya. Linganisha pini za zamani na mpya kwa macho, kagua kama kuna iliyopinda, hakikisha mpira wa kuzuia maji upo, kisha ifunge mahali pake pale pale. Kuiacha ikining'inia kwa sababu bolti imepotea ni kuiandalia nyufa.

Wakati wa kuprogramu, umeme usiyumbe. Chaja ya ukutani ni nzuri mpaka stima ipotee katikati ya kazi, na kompyuta iliyokatiwa nusu ya programu huweza isiamke tena. Unganisha betri ya pili iliyojaa sambamba na ya gari kabla ya kuanza, hata kama chaja ipo. Zima feni, redio na taa. Laptopu nayo iwe na chaji yake.

Ikikubali, futa kodi, futa kumbukumbu ya mazoea ya gia kwa mashine, ufanye taratibu za kuifunza upya zinazotakiwa na gari hilo.

Kulipima barabarani

Anza baridi. Barabara ya Nyamasaria kwenda Ahero ni tambarare na inatosha kuruhusu gia zote kupanda na kushuka kwa mguu mwepesi. Gia za mwanzo zinaweza kuingia vibaya kidogo wakati kompyuta inajifunza, hilo hutulia. Mafuta yakishapata joto, panda Kiboswa, simama katikati ya mlima, ondoka tena. Kwa walio Nakuru, mpando wa kutoka Salgaa kwenda Mau Summit unafanya kazi hiyo hiyo. Ukirudi, soma kodi tena, na zile zinazosubiri pia, kwa sababu hitilafu iliyotokea mara moja inaweza isiwashe taa.

Kodi ile ile ya solenoidi au sensa ikirudi, usirudishe kompyuta dukani ukilalamika kwamba ni mbovu. Rudi kwenye nyaya. Na ile ya zamani usimpe muuzaji kwa mabadilishano siku hiyo hiyo: iandike namba ya gari kwa kalamu ya wino mzito, ihifadhi mahali pakavu, mpaka gari limefanya kazi juani na kwenye mvua. Ikitokea mpya imekataa kusoma kitu, data ya kunakili itatoka humo.